MGONJWA WA AKILI HAKUUMBIWA MAMA MMOJA



Ndugu yangu unayemuuguza mwanao, mzazi au ndugu aliyeguswa akili, darsa la leo ni lako. Usiku hulali, mchana unamchunga asitoke, na bado kuna jirani anauliza umemkosea nini Allah. Tuisome historia kidogo, inshaAllah utapata faraja.

Mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo, Bimaristani al-Mansuri. Wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo, na gharama zilitoka kwenye waqfu. Maana yake, Waislamu wa zama zile waliuona mzigo huu kuwa wa umma mzima.

Huku kwetu, Wajerumani walianzisha Lutindi, kule Usambara. Waingereza wakafuata na Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Sasa jiweke mahali pa mama wa Matombo au Mgeta zama hizo. Dodoma ni mbali. Ama umpeleke mwanao usijue utamwona lini, ama ubaki naye mlimani.

Lakini mama yule alikuwa na ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti na wajibu juu yake. Leo mjomba yuko Dar es Salaam, binamu yuko Mwanza, na mama amebaki peke yake na mgonjwa.

Miaka ya 1980 Serikali ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Denmark. Mikoa miwili ilichaguliwa kuwa ya majaribio: Kilimanjaro na Morogoro yetu hii. Wazo lilikuwa rahisi: huduma ishuke hadi kituo cha afya na zahanati, mhudumu afundishwe kuutambua ugonjwa, dawa ipatikane karibu na nyumbani.

Unaona? Cairo walitumia waqfu, Uluguru walitumia ukoo, Serikali ikatumia zahanati. Hakuna aliyesema mtu mmoja ayabebe yote.

Basi shika haya. Msomee ruqya, na dawa ya hospitali usiikatishe bila kumuuliza mtaalamu, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tutafute tiba. Usione haya kumwita ndugu akupokee siku moja ulale. Ukichoka hujapungukiwa na imani.

Nanyi jamaa wa msikitini: amepokea Anas (r.a.) kuwa mwanamke mwenye tatizo la akili alimwambia Mtume ana haja naye. Mtume akamwachia achague njia aitakayo, akasimama naye mpaka alipomaliza haja yake. Sisi tunashindwa hata kubisha hodi? Ijumaa hii, kabla ya kuuliza mgonjwa anaendeleaje, muulize anayemuuguza amekula nini.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza. Aamiin.

Mfikishie aliye katika mtihani huu.