Mwalimu na Mwanafunzi Wake, 1964

Katika furaha ya Yubile tusiufiche mwaka wa 1964. Wasimba, wakitoka upande wa Tanganyika, walipita inchi yetu, na tarehe 24 Julai wakateka Kindu. Watu wenye kusoma walihesabiwa kuwa wasaliti. Walimu na makarani walisakwa, mara nyingi na vijana waliotoka juzi tu katika madarasa yao.

Mwalimu mmoja mzee wa Lusangi alitusimulia kwamba aliyemfunga kamba alikuwa mwanafunzi wake. Kijana alisema: « Mwalimu, leo fimbo utazihesabu wewe. »

Askari wa serikali walipotwaa tena Kindu, tarehe 5 Novemba, vijana wengi walijificha porini. Huyu, alipotoka, alikwenda kwanza kwa mwalimu. Kumtaja kwa askari kulikuwa kumwua. Mwalimu hakumtaja, ila alimwuliza:

« Nilikupiga fimbo ngapi? »

« Nyingi, Mwalimu. Siku moja bila kosa. »

Basi mwalimu akaomba yeye kwanza msamaha wa siku ile.

Mwaka wa 1985 Papa Yohane Paulo II alimsamehe hadharani muuaji wa Mwenyeheri Anuarite. Huku kwetu hakukuwa na mashahidi. Lakini watoto wa kijana yule walisoma kwa mwalimu yuleyule, na baba yao ndiye aliyewapeleka.