Herufi za Lori

Ukisimama Mamboleo, pale barabara ya Kakamega inapomaliza kuteremka kutoka Kiboswa na kuingia Kisumu, utalisikia lori kabla ya kuliona. Breki zinapiga mluzi, injini inanguruma kwa gia ndogo. Likipita, tazama mlango wake. Chini ya jina la mwenyewe na sanduku lake la posta pameandikwa kwa rangi uzito wa gari likiwa tupu, maandishi ambayo abiria wa matatu huyaona kila siku bila kuyasoma. Kumbe uzito huo una neno katika karatasi ambazo mwenye gari atakata, na hata katika swali la nani ashike usukani. Kama lina trela, hilo nalo lina namba yake inayoanza na Z, maana machoni pa sheria ni chombo kingine.

Utaratibu wa kumpa mchukuzi wa mizigo leseni yake maalumu haukuanza kwa kuhofia ajali. Ulianza kwa kuilinda reli.

Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence kwa jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Meli zikafuata: Winifred, Sybil, Clement Hill. Zililetwa kwa vipande na kuunganishwa hapo hapo Kisumu. Treni na meli zilikuwa za mwenye mmoja, kwa hiyo pamba ya Uganda na ngozi za Mwanza, zikishapakiwa, zilimlipa yeye nauli ya majini na ya nchi kavu. Kisha miaka ya 1920 yakaja malori. Wenye maduka, wengi wao Wahindi, waliyatumia kuzoa mahindi na ufuta vijijini, na haikupita muda lori likaonekana linaweza kuipita treni pia. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931 kwa njia ya Eldoret, bila kugusa Kisumu, bandari ilipoteza sehemu ya mzigo wake, na kila gunia lililobaki likawa la kugombaniwa.

Serikali ya kikoloni ikaingilia kati. Kwa sheria ya 1937, iliyofuata mfano wa Uingereza wa 1933, biashara ya uchukuzi iligawanywa kwa herufi. Mwenye A alibeba mizigo ya watu wote kwa malipo. Mwenye B alibeba kwa masharti. Mwenye C alibeba mali yake tu. Mwenye duka wa Yala aliyekuwa na C angeweza kupeleka magunia yake mwenyewe Kisumu, lakini akirudi na lori tupu, asingeweza kumchukulia jirani shehena ya sukari kwa ujira. Iliyoamua nani apate herufi gani ilikuwa bodi iliyokuja kujulikana kote nchini kwa jina TLB. Bodi hiyo iliishi kuliko ukoloni wenyewe. Rais Jomo Kenyatta aliziondolea matatu leseni yake mwaka 1973, lakini sheria iliyoizaa bodi haikufutwa hadi ilipokuja ile ya 2012 iliyounda NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani.

Dereva naye alikuwa na herufi zake, na hapo ndipo wengi walipochanganyikiwa: B ya mwenye gari na B ya dereva ni vitu viwili. Chini ya Sheria ya Trafiki, iliyoanza kutumika Januari 1954, E ilikuwa ya gari dogo, C ya gari la biashara, B ya lori zito. Zikitamkwa pamoja zikawa neno moja, BCE, ambalo kila kijana mwenye kijitabu chekundu cha leseni alilitaja kwa fahari. Mtihani wenyewe ulianzia mezani, kwenye ubao uliochorwa barabara na mizunguko, mwanafunzi akisukuma kigari cha kuchezea kwa kidole huku afisa wa polisi akimuuliza ataingilia wapi. Kisha barabarani, mara nyingi kwa pikapu au kilori kidogo. Kutoka hapo hadi kushusha tani za miwa mteremkoni ni safari nyingine kabisa, na shule haikuifunza.

Hesabu za kikoloni nazo hazikung'oka. Kanuni za 2003 za John Michuki, waziri wa uchukuzi, zilipodai vidhibiti mwendo, hazikugusa matatu peke yake; ziliyagusa pia magari ya mizigo yenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048. Mbona 3,048 na si 3,000? Ni tani tatu za zamani za Kiingereza, zimevalishwa kilo.

Mzigo nao ulibadilika. Bomba la mafuta lilipofika Kisumu mwaka 1994, trela za matangi zikaijaza barabara ya Busia. Julai 2021, huko Malanga, Gem, tangi moja liligongana na lori la maziwa na kupinduka. Watu walikimbilia na mitungi kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya kumi wakafa.

Kufikia wakati huo madaraja ya leseni yalikuwa yameshapangwa upya. Lori jepesi ni C1, kuanzia miaka 22. La kati ni C, miaka 24. Trela limepata herufi zake, CE, na umri wa miaka 28. Kijana wa Kondele aliyepata leseni ya gari dogo akiwa na 18 ana miaka kumi ya kungoja. Wengi huingoja wakiwa tanboi, jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu lori likikwama mlimani. Na kwenye matangazo ya kazi, waajiri bado wanaandika vilevile: anatakiwa dereva mwenye BCE.