Abana Beingo: Hii Ndiyo Stori ya Kakamega Homeboyz, Timu Iliyokosa Taji kwa Hesabu ya Mabao

Kwanza tuelewane, maanake kuna wasee bado huchanganya. Homeboyz tunayobonga hapa si ile ya raga, na si ile redio ya Nairobi. Hii ni ya Kakamega, uwanja wa Bukhungu, na mashabiki huiita Abana Beingo, yaani vijana wa nyumbani. Ukiskia jirani akisema Disemba anaenda Ingo, hapo ndipo jina limetoka.

Kama umekulia Western unajua kuanzisha timu Kakamega si rahisi, kwa sababu kila boma tayari lina timu. AFC Leopards, Ingwe yenyewe, iliundwa 1964 na mizizi yake ni ya Waluhya, lakini makao yake ni Nairobi. Guka yako alipenda timu ambayo mara nyingi aliifuata kwa redio tu. Halafu shule ya Kakamega High, wale Green Commandos, ilikuwa inatoa wachezaji moto, wakimaliza fomu foo wanashika basi ya Nairobi kutafuta timu. Homeboyz, chini ya mwenyekiti Cleophas "Toto" Shimanyula, ikawapa mtaa timu yao.

Ilipanda Ligi Kuu 2013 ikashuka msimu huo huo. Ikarudi 2016, na kwa miaka kadhaa ilikuwa timu ya kusumbua wakubwa Bukhungu kisha inasahaulika.

Sasa ngoja msimu wa 2021/22. Homeboyz iliongoza jedwali muda mrefu, watu wa Kakamega wakaanza kuamini. Siku ya mwisho ikafika, wao na Tusker wakamaliza na pointi 63 kila mmoja. Taji likaenda Tusker kwa tofauti ya mabao. Hebu fikiria: msimu mzima, halafu unapigwa na hesabu! Na kuna kitu wengi husahau. Hata wangeshinda, Afrika hawangeenda. Serikali ilikuwa imevunja FKF Novemba 2021, FIFA ikafungia Kenya Februari 2022, na klabu zetu zikakosa mashindano ya CAF ya 2022/23. Wachezaji hawakukosea chochote, lakini ni wao walilipa.

Mwaka wa 2023 wakapata dawa ya hicho kidonda. Walibeba kombe la FKF, na waliowafunga fainali ni nani? Tusker. Hiyo ikawapa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa mapema na Al Hilal ya Benghazi, Libya. Iliuma, ndio, lakini Kakamega ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba ya Afrika.

Straika wao Moses Shumah alimaliza msimu wa 2024/25 akiwa mfungaji bora wa ligi, kisha akaenda Zambia kuchezea Power Dynamos. Vijana bado wanapanda basi, lakini huyu alitoka Bukhungu na jina tayari.