Momiji: mti mdogo wa Japani wenye watu wanachanganya na sombe

Jani jekundu la bendera ya Canada linajulikana na wakaaji wengi. Mti wa lile jani uko na ndugu mdogo kule Japani, momiji, wenye wataalamu wanaita Acer palmatum. Wanaupanda kwa uzuri tu, mbele ya nyumba ao ndani ya chungu, na unakomaa polepole.

Jani lake limegawanyika kama vidole 5, 7 ao 9, hata mtu anaweza kusema: hii si sombe? Tofauti utaiona kwenye tawi. Majani ya momiji yanaota mawili mawili, yakitazamana. Ya muhogo yanapishana. Tena muhogo ukiukata unatoa maziwa, momiji hapana. Mbegu zake ziko na mabawa, zinaanguka zikizunguka.

Mti huu unapenda udongo wenye unyevu, lakini maji yasisimame kwenye mizizi. Jua la asubuhi ni zuri. Lile la saa nane linaunguza ncha za majani.

Shida ni baridi. Mbegu inahitaji karibu miezi 3 ya baridi mbele ya kuota. Wengine wanaiweka ndani ya frigo, kwenye mchanga wenye maji kidogo. Lakini mti wenyewe pia unaangusha majani na kulala kila mwaka, na ku Bukavu ao Goma hakuna majira ya kuulaza. Bila ule usingizi unadhoofika.

Na zile mbegu za momiji wa bluu zenye wanauza ku intaneti? Usitume franga. Momiji wa bluu haiko.