Uluguru: Uhuru Usiokuwa na Kiti cha Enzi

Tukisema taifa limepoteza uhuru, wengi wetu humtafuta mfalme aliyeshindwa. Poland iligawanywa mara tatu na majirani zake, ikafutwa kwenye ramani kuanzia 1795 hadi 1918, na washairi kama Mickiewicz wakaitunza kwa kalamu. Je, sisi wa Morogoro tumlilie nani?

Waluguru hawakuwa na mfalme mmoja. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo ulifuata upande wa mama. Kinole alikuwepo Kingalu, mganga wa mvua, lakini hakutawala milima yote. Sultani mmoja wa Waluguru wote aliwekwa na Waingereza. Kwa hiyo uchifu ulipofutwa nchini mwaka 1963, kilichoondoka hapa ni kiti cha mkoloni zaidi kuliko urithi wetu.

Ushahidi ni mwaka 1955. Serikali ililazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani, eti kuokoa udongo, na wasimamizi walikuwa ni watu wa Sultani huyo huyo. Matombo wakulima wakakataa, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa. Watu wale walitetea shamba na jasho lao, siyo enzi.

Urithi basi uko wapi? Uko katika jina. Anayekalia kiti cha Kingalu huitwa Kingalu, hivyo Kingalu hafi. Wanafasihi wenzangu, hiyo nayo ni matini. Tuihakiki wakati wasimulizi wake bado wapo.