Injini ya Hesselman na hesabu za wenye viwanda

Sickla, kusini-mashariki mwa Stockholm, kuna jumba linaloitwa Dieselverkstaden ambako leo watu huenda kutazama sinema na kuazima vitabu. Zamani hapo palikuwa pa AB Diesels Motorer, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1898 kwa fedha za familia tajiri ya Wallenberg ili kuunda injini za Rudolf Diesel nchini Sweden. Mhandisi wake mashuhuri alikuwa Jonas Hesselman. Injini ya Sickla ndiyo iliyofungwa kwenye Fram, meli iliyoondoka mwaka 1910 kumpeleka msafiri Amundsen Antaktika kwa safari yake ya Ncha ya Kusini, na kampuni ikazipa injini zake jina la Polar.

Kwa hiyo Hesselman alipotoa injini yake ya malori mwaka 1925, hakuwa fundi wa uchochoroni anayebisha hodi kwa matajiri. Tunapenda kusimuliwa juu ya mvumbuzi maskini aliyezibwa mdomo na makampuni ya mafuta. Yeye milango alifunguliwa, na bado injini yake haikudumu.

Petroli ilikuwa ghali kuliko mafuta mazito, lakini injini ya dizeli ya siku zile ilikuwa dude zito la kufaa meli na mitambo. Hesselman akaenda kati kwa kati: mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda pistoni inapokaribia juu, kisha cheche ya plagi inayawasha. Mgandamizo ukabaki mdogo, hivyo injini haikuhitaji chuma kinene. Dereva aliwasha kwa petroli, injini ikishapata moto akahamia kwenye mafuta ya bei nafuu. Scania-Vabis, Volvo na Tidaholm waliichukua. Huko Marekani ikaundwa na kampuni ya Waukesha.

Kero zikaja barabarani. Injini haikupata joto la kutosha, mafuta hayakuungua yote, moshi ukatoka na plagi zikashika masizi. Mwenye lori aliyeokoa fedha kwenye pampu ya mafuta alizirudisha gereji. Hapo hapo mpinzani wa injini hii, dizeli, hakulala: mwaka 1927 Bosch walianza kutengeneza pampu za nozeli kwa wingi, na dizeli ikaweza kuingia kwenye gari. Scania-Vabis walitoa injini yao ya dizeli mwaka 1936. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 injini ya Hesselman ilikuwa imekwisha sokoni. Malori ya Scania yanayopanda mlima Kitonga, Tanzania, leo yanatembea kwa dizeli ile ile Hesselman aliyotaka kuikwepa.

Nusu karne baadaye ikawa zamu ya Saab, ambayo injini zake zilikuwa zikiundwa Södertälje, kusini mwa Stockholm. Mwaka 2000, kwenye maonyesho ya Geneva, ilionyesha injini ya SVC: lita 1.6, silinda 5, nguvu za farasi 225. Sehemu yake ya juu iliinama kidogo kama kifuniko chenye bawaba, na mgandamizo ukabadilika kutoka 8 hadi 14 kwa 1. Saab ilidai inapunguza mafuta kwa asilimia 30 ikilinganishwa na injini ya kawaida yenye nguvu hizo. Mwaka huo huo General Motors iliimiliki Saab yote, na mradi ukaachwa kwa kuwa gharama ilikuwa kubwa.

Ni rahisi kuwalaumu wahasibu. Lakini mtengenezaji anayebadili injini hubadili pia mashine za kiwanda, vipuri na mafunzo ya mafundi, kisha anabeba dhamana ya kila gari kwa miaka. Injini ya zamani, yenye kiwanda kilicholipiwa tayari, inahitaji kuboreshwa kidogo tu ili kumfikia mgeni.

Nissan ndiyo iliyothubutu kuiuza injini ya aina hiyo. Injini yake ya VC-Turbo, yenye mgandamizo wa 8 hadi 14 kwa njia tofauti na ya Saab, iliingia sokoni na gari la Infiniti QX50 mwaka 2018. Mwaka 2025 Nissan ililazimika kuyaita gereji zaidi ya magari laki 4 nchini Marekani, kwa hofu ya beringi za injini kufa.