Pikipiki ya Baba Mkubwa

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika karatasi. Mimi niliupata katika chuma, nilipouza Yamaha DT125 ya marehemu baba mkubwa hapa Kamembe ili nilipe karo.

Ukoo wa DT ulianza mwaka 1968, Yamaha ilipotoa DT-1 kwa ajili ya njia za vumbi. Lakini hii ya kwetu ilikuwa imebadilishwa karibu yote. Sproketi ya nyuma ilikuwa na meno mengi kuliko ya kiwandani: ilipoteza kasi, ikapata nguvu ya kupanda mlima. Shokapu ziliinuliwa. Chini ya injini lilichomelewa bati la kukinga mawe. Siku za mapumziko vijana waliiazima kushindana katika njia za mashamba ya chai.

Mnunuzi, dereva wa pikipiki ya abiria, alipunguza bei kwa kila badiliko. “Siku hizi ni lami, mdogo wangu,” alisema. Kweli, lami imefika Karongi hadi Rubavu. Uliokuwa ufundi umekuwa kasoro.

Nilikubali bei yake, karo ilikuwa haisubiri. Kadi ilitaja mwenye mali tu, haikutaja tope. Basi kabla ya kukabidhi ufunguo niliandika kila badiliko na njia iliyolisababisha. Mkoa wa Cyangugu ulifutwa mwaka 2006, na kumbukumbu zake zina pa kutunzwa. Barabara zake za zamani zimo katika daftari langu.